Simu tano za Android kwenye meza ya fundi wa Kisumu: ipi inafaa kununuliwa?

Mtu mwenye shilingi kati ya 14,000 na 27,000 anayeingia katika maduka ya simu ya barabara ya Oginga Odinga, mjini Kisumu, huwekewa mbele yake simu zinazofanana kwa sura, zote zikiwa na betri ya mAh 5,000, zote zikiwa na kamera ya megapikseli 50 au zaidi, na kila moja ikisifiwa na muuzaji kuwa ndiyo inayonunuliwa sana wakati huu. Mimi ni fundi wa simu, na kazi yangu hunikutanisha na simu hizo baadaye, katika mwaka wa pili au wa tatu, wakati sifa zilizoandikwa kwenye sanduku zimekwisha kusahaulika. Kwa sababu hiyo kipimo changu si kile cha muuzaji. Simu bora kwangu ni ile ambayo mwaka wa nne bado itafungua programu za benki na WhatsApp bila kukwama, na ambayo ikivunjika inaweza kutengenezwa papa hapa kwa gharama isiyomfanya mwenyewe aamue kununua nyingine.

Nimechagua kulinganisha tano: Samsung Galaxy A15 ya 4G, Redmi Note 13 ya 4G na Redmi 13C, zote mbili za Xiaomi, kisha Tecno Spark 20 na Infinix Hot 40 Pro, ambazo hutengenezwa na kampuni moja mama ya Transsion kutoka Shenzhen, China. Zote zilitangazwa kati ya mwisho wa mwaka 2023 na Januari 2024, kwa hiyo ni za rika moja na ni haki kuzishindanisha. Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji mwenye haraka asisumbuke: kwa mtu wa kawaida anayetaka kukaa na simu muda mrefu, A15 inashinda, ingawa si kwa sababu ambazo watu wengi hudhani, na wapo wanunuzi ambao nisingewashauri waichukue.

Tuanze na tarakimu inayopotosha kuliko zote, yaani RAM, kumbukumbu ya muda ambamo hukaa programu ulizozifungua. Spark 20 huuzwa kwa maelezo ya GB 16, na mteja asiyejua huilinganisha na A15 ya GB 4 au 6 akaona kwamba Samsung inamwibia mchana kweupe. Ukweli ni kwamba RAM halisi ya Spark 20 ni GB 8. Nane nyingine zimekopwa kutoka kwenye hifadhi, mahali pale pale panapokaa picha na video zako. Hifadhi ya aina ya eMMC 5.1, ambayo hutumika katika simu nyingi za bei hii ikiwemo Redmi 13C, haiwezi kupitisha zaidi ya megabaiti 400 kwa sekunde hata katika hali nzuri kabisa, ilhali RAM ya kweli ya simu hizi hupitisha gigabaiti kadhaa kwa muda huo huo. Programu iliyohamishiwa kwenye RAM ya kukopa haizimiki, ni kweli, lakini ukiirudia utaisubiri. Samsung na Xiaomi nazo zina mpango wa namna hiyo hiyo, tofauti ikiwa tu katika ukubwa wa maandishi wanayoutangazia. Hesabu RAM halisi pekee, na usishuke chini ya GB 6 ikiwa mfuko unaruhusu. A15 ya GB 4 siipendekezi, kwa kuwa masasisho ya miaka ijayo yataielemea.

Baada ya RAM inafuata prosesa, yaani ubongo unaoiendesha simu, na hapa simu zetu zinagawanyika waziwazi. Spark 20 na Redmi 13C hutumia Helio G85 ya MediaTek, iliyotoka mwaka 2020 na iliyotengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 12. A15 na Hot 40 Pro hutumia Helio G99 ya mwaka 2022, ya nanomita 6, yenye viini viwili vikubwa, yaani sehemu za prosesa zinazobeba kazi nzito, vya aina ya Cortex-A76. Redmi Note 13 ina Snapdragon 685, nayo ni ya nanomita 6, lakini viini vyake vikubwa ni Cortex-A73, muundo wa zamani zaidi kuliko A76. Kadiri nanomita zinavyopungua ndivyo kazi ile ile inavyofanywa kwa umeme mchache na joto dogo, jambo ambalo katika mji unaofikia nyuzi 30 mchana si la kupuuzwa. Simu ya mwendesha bodaboda iliyofungwa kwenye usukani ikionyesha ramani kutoka Kondele hadi Mamboleo hupokea joto kutoka juu na kutoka ndani kwa pamoja. Ikizidiwa, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe, mwangaza wa kioo hushuka, na chaji huingia polepole au husimama. Kwa kipimo hiki G99 ndiyo bora kati ya zote tatu, na katika michezo mizito Hot 40 Pro huipita Redmi Note 13 bila ubishi, hata kama jina la Snapdragon lina heshima zaidi midomoni mwa watu.

Kioo ndicho kinachoniletea kazi nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa hiyo msomaji aniwie radhi nikikaa hapa kidogo. A15 na Redmi Note 13 zina kioo cha AMOLED, ambacho kila nukta yake huwaka yenyewe. Hot 40 Pro, Spark 20 na Redmi 13C zina kioo cha IPS, ambacho humulikwa na taa iliyo nyuma yake. Zaidi ya hayo, Spark 20 na Redmi 13C zina nukta 720 tu kwa upana, nazo hizo nyingine tatu zina 1,080. Ukizidisha upana kwa urefu utaona kwamba A15 ina nukta milioni 2.5 hivi, na Redmi 13C ina milioni 1.2 hivi, katika kioo ambacho ni kikubwa zaidi. Anayesoma maandishi madogo ya mikataba au kusahihisha kazi za wanafunzi kwenye simu ataiona tofauti hiyo siku ya kwanza. Mwangaza nao una uzito wake: A15 hufikia niti 800 juani (niti ni kipimo cha mwangaza wa kioo), na Redmi Note 13 hupanda hata zaidi ya hapo kwa muda mfupi, wakati Redmi 13C huishia karibu na niti 600, kiasi ambacho saa saba mchana kando ya ziwa humlazimu mtu kuikinga simu kwa kiganja.

Kufikia hapo AMOLED inaonekana kuwa mshindi, mpaka simu inapoanguka. Kioo halisi cha AMOLED ni ghali kuliko cha IPS kwa mbali, na bei hiyo ndiyo huwafanya wateja wengi wakubali kuwekewa kioo cha kuiga, ambacho kwa kweli ni LCD, yaani kioo cha kumulikwa kutoka nyuma kama IPS, iliyochongwa iingie katika nafasi ya AMOLED. Kioo hicho ni kinene zaidi, rangi yake nyeusi huwa ya kijivu, na hula betri kuliko kile cha mwanzo. Kwa Redmi Note 13 kuna hasara nyingine ambayo fundi mwaminifu anapaswa kuieleza kabla ya kupokea pesa: kitambua alama ya kidole cha simu hiyo kimo chini ya kioo na husoma kidole kwa mwanga unaopenya AMOLED, kwa hiyo ukiweka LCD kidole hakitasomeka tena kamwe. A15 imekiweka kitambuzi chake ubavuni, kwenye kitufe cha kuwashia, na hivyo inaepuka tatizo hilo. Ndiyo maana mvuvi au mchuuzi wa samaki wa Dunga, ambaye simu humponyoka mikononi kila mara, ningemwelekeza kwenye simu ya IPS kama Hot 40 Pro, yenye nukta za kutosha na kioo ambacho kubadilishwa kwake hakutamtoa jasho, badala ya kumsifia uzuri wa AMOLED ambao atafurahia miezi michache tu.

Betri hazina mashindano makubwa, kwa kuwa zote ni za mAh 5,000 na zote humaliza siku. Hot 40 Pro na Redmi Note 13 huchajiwa kwa wati 33, A15 kwa wati 25, na hizo mbili zilizobaki kwa wati 18. Lakini kumbuka kwamba Samsung imeacha kuweka chaja katika masanduku ya simu zake nyingi, na mteja anayetumia chaja ya zamani ya nyumbani hapati wati hizo 25; atafute chaja ya USB-C inayofuata utaratibu wa kuchaji haraka uitwao PD wenye PPS, hata kama si ya Samsung, na gharama hiyo aihesabu ndani ya bei ya simu.

Kuhusu kamera nitasema machache. Megapikseli 108 za Redmi Note 13 na Hot 40 Pro huunganishwa tisa tisa na kutoa picha ya megapikseli 12, na zile za 50 huunganishwa nne nne na kutoa karibu idadi hiyo hiyo. Mchana picha za simu zote tano zinaridhisha. Usiku Redmi Note 13 na A15 zinatangulia. Na lenzi ndogo ya pili ya megapikseli mbili ambayo huongezwa nyuma ya karibu kila simu ya bei hii haina kazi ya maana isipokuwa kupamba mgongo wa simu.

Jambo linaloipa A15 ushindi halionekani dukani, nalo ni muda wa masasisho. Samsung iliiahidi simu hii matoleo makubwa manne ya Android, baada ya Android 14 iliyotoka nayo, pamoja na miaka mitano ya masasisho ya usalama, yaani hadi mwishoni mwa mwaka 2028. Spark 20 na Hot 40 Pro zilitoka na Android 13 na hazikupewa ahadi ya urefu huo. Nimewahi kusikia mafundi wenzangu wakisema kwamba mteja wa kijijini hahitaji masasisho, nami nawapinga kabisa. Mapema mwaka 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi katika simu zenye Android iliyo chini ya toleo la 5.0, na programu za benki huwa kali zaidi ya hapo, kwa sababu simu ambayo mianya yake ya usalama haijazibwa ni mlango wazi wa kuingilia akaunti za mwenyewe. Mkulima wa mpunga wa Ahero ambaye malipo yake yote hupitia M-Pesa anayahitaji masasisho hayo sawa na karani wa mjini, pengine zaidi, kwa kuwa simu yake ndiyo benki yake. Mwenye uwezo wa kuongeza pesa kidogo aitazame Galaxy A16, iliyotangazwa mwaka 2024, ambayo imeahidiwa matoleo sita na miaka sita ya usalama; imepoteza tundu la visikizi, nami sijaona sababu nzuri ya kuliondoa.

Suala la 5G huulizwa sana hapa, na si ajabu, kwa kuwa Kisumu na Kakamega zilikuwa miongoni mwa miji minne ambamo Safaricom ilianza kuijaribu Machi 2021. Hata hivyo, kwa mtu anayesafiri kati ya Nyakach, Vihiga na Busia, 4G ndiyo itakayombeba, na kinachostahili kuangaliwa ni kama simu inapokea bendi (kundi la masafa ya mawimbi ya mtandao) ya 20, ile ya MHz 800, ambayo hufika mbali na kupenya kuta vizuri kuliko bendi ya 3 ya MHz 1,800. Simu zote tano zilizoletwa kwa soko la Kenya huipokea. Wasiwasi upo kwa zile zilizotumika ng'ambo, hasa Marekani, ambako bendi hiyo haitumiki na baadhi ya simu hazikuwekewa. Mtu huipata simu nzuri ya hadhi kwa bei ya kuvutia, kisha akifika nyumbani mtandao unashuka hadi 3G.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Maseno anayependa michezo na asiyejali sana mwaka wa nne achukue Hot 40 Pro. Anayepiga picha za kuuzia bidhaa mtandaoni, na mwenye uangalifu na simu yake, achukue Redmi Note 13. Mwenye bajeti ndogo kabisa akichagua kati ya Redmi 13C na Spark 20, namshauri Spark 20 kwa RAM yake halisi ya GB 8, ila siku ya kwanza azime matangazo na kuondoa programu zilizojaa humo ambazo hakuziomba. Waliobaki wote, na ndio wengi, nawapeleka kwenye A15 ya GB 6.

Atakayeinunua kwa mtu badala ya dukani abonyeze *#06# na kulinganisha tarakimu 15 za IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na zile za sanduku na risiti. Kisha simu ifutwe yote mbele yake, iunganishwe na intaneti na iachwe mpaka imalize kujiandaa kabla ya pesa kutoka mfukoni, kwa sababu simu iliyochukuliwa kwa mkopo wa lipa mdogo mdogo na haijamalizwa kulipiwa hurudisha kufuli yake mara tu inapopata mtandao, na kufuli hiyo mimi siifungui, hata mteja akija na shahidi kwamba aliinunua kwa nia njema.