Manowari Zile Hazikuwa Zikiisindikiza

"Mwalimu, hizo manowari si zinaisindikiza?" Kila nikitoa picha ya meli ya askari wa enzi za Malkia Victoria, askari wamejazana sitahani, manowari kulia na kushoto, lazima atokee wa kuuliza hivyo. Juzi kauliza mwalimu mwenzangu, tena wa historia.

Isindikizwe kumwogopa nani? Waxhosa, Wazulu na Makaburu hawakuwa na manowari hata moja. Meli za kuwaendea zilikwenda zenyewe. Jenerali Buller wa Uingereza alipoondoka bandari ya Southampton tarehe 14 Oktoba 1899 kwenda kuwapiga Makaburu, alipanda Dunottar Castle, meli ya abiria tu. Redio haikuwamo, kwa hiyo siku nyingi hakujua vita vimefikia wapi. Walipokaribia Cape, Afrika Kusini, wakapishana na meli itokayo huko, ikawanyanyulia ubao: Makaburu wameshindwa, mapigano matatu, Penn Symons (jenerali mwenzake Buller) ameuawa. Jenerali mzima anapata habari za vita vyake ubaoni, kama mtoto wa darasa la kwanza!

Basi manowari za pichani zinafanya nini? Mara nyingi zimetia nanga tu, Spithead (mbele ya bandari ya Portsmouth, Uingereza) au Malta, na meli ya askari inapita. Wale mabaharia waliojipanga juu ya foromali, zile boriti za mlingotini zinazobeba tanga, wanashangilia wanaokwenda vitani, hawamvizii adui. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi kila siku: anza na nanga. Ukiona mnyororo umeshuka majini, chombo hicho hakimsindikizi mtu. Hawaangalii. Wanaangalia mizinga.

Ulinzi wa kweli ulikuwapo mwaka 1854, majeshi ya Waingereza na Wafaransa yalipovuka bahari kutoka Varna, Bulgaria, kwenda Crimea kupigana na Warusi, kwa kuwa Warusi walikuwa na manowari zao huko huko Crimea, bandari ya Sevastopol. Hata hapo, manowari za Wafaransa zilijaa askari hadi zisingeweza kupigana vizuri. Za Waingereza ndizo zilizoachwa wazi kwa kazi hiyo.

Wengine hudhani kila meli ya askari ni manowari. Nyingi zilikuwa za biashara, zimekodiwa. Himalaya ilikuwa ya kampuni ya meli ya P&O kabla serikali haijainunua mwaka 1854.

Na anayedhani hatari ya safari ilikuwa mizinga ya adui aisome habari ya meli ya askari Birkenhead. Tarehe 26 Februari 1852 iligonga mwamba Danger Point, pwani ya Afrika Kusini, ikipeleka askari kwenye vita vya Waxhosa. Kati ya watu kama 640, hawakufika 200 waliopona.

Halafu, pichani humo, kuna bendera ya shetri, yaani ya nyuma ya meli, iliyoshushwa nusu. Si msiba. Meli ya biashara ikipita manowari hushusha bendera kutoa salamu, manowari nayo hujibu, kisha zote hupandisha. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika kwenye mtihani kwamba meli imejisalimisha. Nilimpa sifuri, kisha nikamwongezea nusu alama kwa kuwa angalau aliitazama bendera.