Frutiger: Uwazi Ndani ya Herufi

Frutiger ni fonti, na haya ndiyo madai yanayosikika kuihusu, kila moja likifuatwa na jibu lake.

"Fonti zisizo na vijikia zote ni zilezile." Vijikia ni vile vistari vidogo kwenye ncha za herufi; Helvetica na Frutiger zote hazina. Andika "cheche" kwa Helvetica, kisha kwa Frutiger, uziweke sambamba. Kwenye Helvetica ncha za c na e zimejikunja mpaka zinakaribia kukutana. Kwenye Frutiger zinaishia mapema na kuacha mlango wazi. Huo mlango ndio kazi yenyewe. Mswisi Adrian Frutiger aliichora fonti hii kwa vibao vya uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle, Roissy, karibu na Paris, uliofunguliwa 1974. Wapiga chapa wakaanza kuuziwa 1976. Abiria husoma akitembea, kibao kiko upande, taa hafifu. Macho yakishindwa kukaza, c iliyojifunga hugeuka o.

"Inaitwa ya kihumanisti kwa sababu inafanana na mwandiko." Jina linatokana na wahumanisti wa Italia wa karne ya 15, waliofufua uwiano wa herufi za kale. Fonti ya Gill Sans ya 1928 inauonyesha uwiano huo waziwazi kuliko Frutiger.

"Kibao cha kusomwa mbali kinataka herufi nene kabisa." Kosa hili huharibu vibao vingi. Unene wa Frutiger hutajwa kwa namba: 55 ni wa kawaida, 65 ni nene, 75 ni nene zaidi. Unene wa 75 hula nafasi iliyo ndani ya a na e, na kwa mbali linabaki doa jeusi. Anza na 55 au 65. Kibao kikiwa na taa ndani na herufi nyeupe juu ya rangi nzito, mng'ao huzinenepesha zenyewe: shuka ngazi moja ya unene, kisha ongeza kidogo nafasi kati ya herufi. Urefu salama wa herufi kubwa ni sm 1 kwa kila mita 2, kwa hiyo kibao cha kusomwa umbali wa mita 20 kinahitaji sm 10. Na usiandike MAPOKEZI yote kwa herufi kubwa. "Mapokezi" lina p inayoning'inia na k inayochomoza, hivyo herufi zake hazilingani kimo.

"Kitufe cha kulaza kinatosha." Kama umesakinisha 55 peke yake, kompyuta huilaza kwa nguvu na mviringo wa o hupinda vibaya. Sakinisha 56, ndugu ya 55 iliyochorwa ikiwa imelala tayari.

"Inafaa kila kazi." Sisi tunaoandika "Ili" na "Ilala" kila siku tuna sababu ya kubisha: I kubwa na l ndogo ni vijiti vitupu, l imezidi kimo kidogo tu. Katika sentensi maana hutuokoa. Kwenye nywila au namba ya vocha hakuna wa kutuokoa. Hapo tumia Verdana, ambayo I yake ina miguu.

"Faili litafunguka vilevile kwa mchapaji." Frutiger hulipiwa leseni, na mchapaji asipokuwa nayo kompyuta huweka fonti nyingine yenye upana tofauti. Neno kama "Yanayowahusu" huhamia mstari wa pili na mpangilio wote kusogea. Tuma PDF iliyobeba fonti ndani yake. Kwa kibao cha kukatwa, geuza herufi ziwe michoro, ila hakiki tahajia kwanza, na alama ya ng' pia, maana baada ya hapo hakuna neno la kusahihisha, ni mistari tu.