Eti Vitz ni kopo?

Ukipita gereji za Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, hutakosa fundi wa kukuambia kwamba Peugeot 504 ya zamani ilikuwa chuma, Toyota Vitz, kigari cha siku hizi, ni kopo, ukigongwa umekwisha. Husema hivyo huku akiligonga boneti kwa kidole.

Lakini unene wa bati sio unaomwokoa mtu. Kishindo cha ajali lazima kiishie mahali. Pua ya gari la kisasa imeundwa ijikunje na kukimeza, chumba cha abiria kibaki kizima. Mwaka 2009 huko Marekani, katika jaribio la ajali, Chevrolet Bel Air ya 1959, jitu la chuma, iligonganishwa na Malibu ya 2009 kwa kilomita 64 kwa saa. Chumba cha Bel Air kiliporomoka juu ya sanamu iliyokaa mahali pa dereva. Dereva wa Malibu angeumia mguu tu.

Kwenye uzito, fundi hajakosea: Vitz ikivaana na lori Thika Road, udogo ni hasara.

Mimi ningehofia zaidi gari lililoungwaungwa baada ya ajali. Ukifungua swichi ya gari, taa ya mfuko wa hewa (airbag) kwenye dashibodi iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, muulize muuzaji nani kaichomoa kuficha hitilafu.