Zabuni za Serikali na Ajira za Tanga: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana inayosikika zaidi hapa Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Chongoleani, ni kwamba mradi ukijengwa mkoani kwetu, ajira nazo zitakuwa zetu. Ukweli ni kwamba mkataba ndio unaoamua nani aajiriwe, wala si eneo la mradi. Upanuzi wa Bandari ya Tanga, uliotupatia gati lenye urefu wa mita 450 na kina cha mita 13, ulifanywa na kampuni ya China Harbour, na kazi ya aina hiyo huhitaji vyombo na mafundi wengi ambao mkandarasi huja nao. Kijana wa Makorora hupata kile kilichoandikwa tangu awali: vibarua wangapi watoke jirani, kazi zipi wapewe wakandarasi wadogo, na vifaa vinunuliwe wapi. Saruji inatengenezwa Pongwe, lakini kuwa karibu na kiwanda hakumlazimishi mkandarasi yeyote kununua huko.

Wapo wanaoamini kwamba sheria inaelekeza zabuni zipelekwe kwenye mikoa yenye ukosefu mkubwa wa ajira. Haielekezi hivyo. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na kanuni zake humtazama mzabuni kwa uraia wake na kwa kundi lake: kazi za ujenzi zisizozidi shilingi bilioni 50 ni za kampuni za wazawa, na taasisi nunuzi hutenga asilimia 30 ya ununuzi wake kwa vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Mbele ya sheria hiyo, kampuni ya Mwanza ni ya wazawa sawasawa na ya Tanga. Njia iliyo wazi kwa vijana wetu, kwa hiyo, ni kusajili kikundi na kuingia katika NeST, mfumo wa serikali wa mtandaoni ambako zabuni hutangazwa.

Hudhaniwa pia kwamba kupendelea maeneo yasiyo na ajira lazima kuigharimu serikali. Marekani ilianza sera hiyo mwaka 1952, na mwaka uliofuata Bunge lake likaikataza Wizara ya Ulinzi kulipa bei ya juu kwa sababu hiyo. Mzabuni wa eneo lenye shida alipewa nafasi, lakini kwa bei isiyozidi ya wenzake. Eneo la namna hiyo pia halikuachwa likisiwe na wanasiasa. Hupimwa kwa takwimu: kiwango chake cha ukosefu wa ajira sharti kizidi wastani wa taifa kwa walau sehemu moja ya tano. Mpango mwingine wa huko, HUBZone wa mwaka 1997, unaopendelea kampuni ndogo za maeneo yaliyo nyuma kiuchumi, huruhusu nafuu ya bei ya hadi asilimia 10 katika baadhi ya zabuni, kwa hiyo gharama inaweza kuwapo. Ni suala la kupangwa na kuwekewa kikomo.

Mpango huo unasahihisha dhana ambayo kwa maoni yangu ina madhara makubwa kuliko zote, kwamba ofisi ya kampuni ikiwa mkoani inatosha. HUBZone hutaka ofisi kuu iwe katika eneo husika na, zaidi ya hapo, asilimia 35 ya wafanyakazi wawe wakazi wa maeneo ya aina hiyo. Anwani hukodishwa kwa siku moja. Wafanyakazi wanaoishi mahali hawapatikani kwa urahisi huo.

Upendeleo wa kimkoa una mipaka yake ya kisheria. Italia ilitenga asilimia 30 ya ununuzi kwa kampuni za kusini, na mwaka 1990 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba utaratibu huo unakiuka soko huria la Jumuiya ya Ulaya, katika kesi iliyohusu filamu za eksirei.

Madiwani wetu, basi, waulize kuhusu vibarua na wakandarasi wadogo wakati nyaraka za zabuni zinaandaliwa, kwa sababu sharti likiongezwa baada ya kusainiwa huhitaji ridhaa ya mkandarasi, naye hudai malipo yake.