Picha ya ganda haitoshi, jamani

Juzi tena nimetumiwa picha. Konokono juu ya kiganja, nyuma yake tope la silanga moja huko Magarini, na swali nililolijibu mpaka ulimi umeota sugu: "Daktari, huyu ndiye wa kichocho?"

Sijui! Na wewe hujui, hata kama umesoma kwamba ganda likifungukia kushoto ni Bulinus, yaani jamii ya konokono wanaobeba minyoo wa kichocho cha mkojo. Kweli, shika ncha juu, mlango ukuelekee, utazame upande. Ila Fisa, konokono mwingine wa majini, naye hufungukia kushoto, na kichocho hakimhusu. Biomphalaria, yule wa kichocho cha matumbo, ni bapa kama kifungo, huyo tumwache.

Utata wenyewe umo ndani ya Bulinus. Huku pwani wanaonisumbua ni spishi mbili, globosus na nasutus. Kitabu kitakwambia globosus ni mnene, nasutus mwembamba mwenye ncha ndefu. Sawa, ukiwa na wakubwa waliopangwa mezani. Nasutus mchanga ni mfupi vile vile. Tena kuna maji yanayokula ganda, na ncha ikishalika, kulinganisha urefu na upana ni kujisumbua bure. Niliwahi kutenga bakuli zima kwa macho, nikajiona fundi. Jeni zikanirudisha darasani.

"Basi pima DNA, maneno yaishe." Hapo ndipo ninapochoka zaidi. Jeni ya COI huwatenga wawili hawa vizuri, sibishi. Lakini imo kwenye mitokondria, hurithiwa kwa mama peke yake. Chotara, akiwapo, atasomeka kama mamake. Halafu mfuatano tunaolinganishia uliwekwa kwenye hazina ya data na mtu, na mtu huyo jina alilipata wapi? Mara nyingine kwa kutazama ganda! Tumezunguka, tumerudi pale pale. Na globosus wa Afrika Magharibi yuko mbali kijeni na wa huku kwetu, hata nashuku jina hilo moja limefunika spishi kadhaa.

Jina likipatikana, bado. Kule Unguja, mwenyeji wa kichocho cha mkojo ni globosus, nasutus hakipokei. Vuka uje bara, nasutus anakipokea. Kwa hiyo muulize konokono mwenyewe: mtie kwenye glasi ya maji safi, mweke penye mwanga wa mchana, ungoje kama atatoa sekaria, vile viluwiluwi vya minyoo wa kichocho. Akitoa usishangilie, maana Bulinus hubeba na kichocho cha ng'ombe, na sekaria zake chini ya hadubini zafanana na za kichocho cha binadamu. Haya, turudi kwenye DNA ile ile.

Mkiniletea konokono, mtieni kwenye ethanoli kali. Formalini hapana, inaharibu DNA, na nimeshatupa chupa nyingi kwa sababu hiyo.

Na wewe wa juzi: mkono kwenye picha umelowa mpaka kiwikoni. Sekaria hupenya ngozi. Usikimbilie kupima mkojo kesho, mayai ya minyoo hayatakuwa yameanza kutoka. Ngoja kama miezi mitatu, ndipo uende.