Kunasa na kupenyeza pakiti za Bluetooth: maana yake

Kunasa pakiti ni kuchukua nakala ya data inayopita kati ya vifaa viwili na kuisoma baiti kwa baiti. Kupenyeza ni kutuma pakiti uliyoiunda mwenyewe. Kwa Bluetooth, neno "kunasa" lina maana mbili, na wanaojifunza huzichanganya kila mara.

Maana ya kwanza ni kunasa mpakani, pale kompyuta inapozungumza na chipu yake ya Bluetooth. Mpaka huo huitwa HCI. Kwenye Linux, fungua Wireshark (programu ya kunasa na kusoma pakiti), chagua bluetooth0, kisha unganisha hedifoni zako: utaona amri ya kuunganisha ikishuka kwenye chipu, na taarifa ya kwamba muunganisho umekamilika ikirudi. Hapa data ni wazi, kwa sababu usimbaji fiche unafanywa ndani ya chipu, chini ya mpaka huo. Tena wakati wa kuoanisha vifaa, hata ufunguo wa siri unaweza kuonekana kwenye rekodi. Kwa hiyo tafadhali usimtumie mtu faili hilo ovyo.

Maana ya pili ni kunasa hewani, na hapo ndipo kazi ilipo. Bluetooth ya kawaida huruka kati ya chaneli 79, hadi mara 1,600 kwa sekunde, kwa mpangilio unaotegemea anwani na saa ya kifaa kinachoongoza. Chipu ya kompyuta ya kawaida haikuundwa kusikiliza mazungumzo ya wengine. Ndiyo maana mtafiti Michael Ossmann alitengeneza Ubertooth One, kifaa cha kunasa Bluetooth hewani, mwaka 2011. Bluetooth LE, ile inayotumia umeme kidogo, ina nafuu: chaneli 40, na vifaa huanza kujitangaza kwenye 3 tu. Pakiti inayoanzisha muunganisho hubeba maelezo yote ya mirukio. Ikikupita, kuvifuata vifaa hivyo ni shida.

Kupenyeza je? Libpcap, maktaba ambayo Wireshark huitegemea, hunasa pakiti za HCI lakini hukataa kuzituma. Wanaopima usalama wa kufuli au saa zao hutumia Scapy, zana ya Python ya kuunda pakiti, ambayo hufungua soketi ya HCI yenyewe. Hata hivyo chipu ndiyo yenye kauli ya mwisho: huweka vichwa vyake (maelezo ya mwanzo wa pakiti) na CRC yake (namba ya kukagua makosa) kabla ya kurusha. Ukitaka kurusha pakiti iliyoharibika makusudi, itabidi ubadilishe programu iliyo ndani ya chipu yenyewe.