Unyayo wa Mtoto Mchanga: Kipimo Pasipo na Mizani

Mama akijifungulia nyumbani usiku wa masika, barabara imekatika, mtoto wake hapimwi uzito. Mizani iko zahanati. Na kama mtoto huyo ana chini ya kilo 2.5, saa zake za mwanzo ndizo za hatari kuliko zote.

Watafiti waliofanya kazi kusini mwa Tanzania walitafuta kitu mwilini mwa mtoto kinachoweza kupimwa na mtu yeyote, hata kwa rula. Wakachagua unyayo, unaopimwa kuanzia kisigino hadi ncha ya kidole gumba. Katika utafiti wa hospitali uliochapishwa 2010, unyayo usiofika sentimita 8 uliwatambua karibu watoto 9 kati ya 10 wenye uzito pungufu. Uliwanasa pia wengi ambao uzito wao ulikuwa wa kawaida. Kasoro hiyo mimi naikubali bila wasiwasi: mtoto wa kilo 3 akikumbatiwa kifuani hapungukiwi kitu, ila njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, aliyedhaniwa mzima akalazwa peke yake anaweza kuwa maiti kabla ya asubuhi.

Maana adui wa kwanza wa njiti ni baridi, hata huku kwetu kwenye joto. Hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Nguvu kidogo aliyonayo anaitumia kujipasha moto, sukari ya mwilini inashuka, anachoka, hanyonyi. Asiponyonya anazidi kupoa. Tumewahi kuambiwa, "mtoto mtulivu, analala tu." Utulivu huo unanitisha.

Kipimo hiki kiliingizwa katika mradi wa Mtunze Mtoto Mchanga, ulioendeshwa na Taasisi ya Afya Ifakara na washirika wake katika wilaya 6 za Lindi na Mtwara. Wanakijiji wa kujitolea waliwatembelea akina mama tangu ujauzito hadi baada ya kujifungua. Matokeo yalitoka 2015. Watoto wengi zaidi walinyonyeshwa mapema, na vitovu vingi zaidi viliachwa vikavu bila kupakwa chochote. Vifo vya watoto wachanga havikupungua.

Jambo hilo lazima lisemwe wazi kwa wananchi walioshiriki. Ushauri wa nyumbani ulifanya sehemu yake, lakini mtoto anayeshindwa kupumua anamhitaji mkunga mwenye ujuzi, na vifaa, pale pale anapozaliwa. Anayempeleka mtoto mdogo kituoni ana haki ya kukuta huduma.

Huduma yenyewe si lazima iwe ya mashine. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa hospitali za nchi 5, Tanzania ikiwemo, kwa watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8. Waliowekwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali itulie, walipungukiwa vifo kwa robo.

Kwa hiyo unyayo ukiwa chini ya sentimita 7, mpelekeni kituoni saa hiyo hiyo. Kati ya 7 na 8, mtoto akae kifuani usiku na mchana, na apimwe mizani mapema. Njiani asifungwe mgongoni. Mvueni nguo, abaki na nepi na kofia, alale katikati ya matiti ya mama, kanga mbili juu yao. Akishindwa kunyonya, mkamulieni dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya mama, kwenye kikombe safi mumnyweshe kidogo kidogo.